Mume wangu anameza lithiamu na Ramadhani imekaribia. Je, afunge?

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Mume wangu ana miaka 52, ana ugonjwa wa akili wa baipola, ule wa kupanda na kushuka, na tangu ashike lithiamu miaka sita iliyopita hajalazwa tena. Humeza vidonge viwili usiku. Kazi yake ni tuktuk, Kisauni na Kongowea. Miaka yote hafungi kwa sababu daktari wake wa kwanza alimkataza, lakini daktari huyo amehama na mwaka huu mume wangu amekaza: atafunga. Ndugu yake wa Malindi amemtumia ujumbe kwamba utafiti wa Pakistan umethibitisha mtu wa lithiamu anaweza kufunga bila shida. Kipimo chake cha mwisho cha damu kilikuwa 0.9, miezi minane iliyopita. Je, ni kweli? Tena nilisahau: wiki tatu zilizopita zahanati moja ilimkuta na presha, wakampa enalaprili na kumwambia apunguze chumvi. Mgongo ukimshika hununua Brufen. Na siku hizi mikono inamtetemeka, chai inamwagika kwenye kisahani. Mama wa watoto wanne, Kisauni.

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Swali lako ni la saumu na nitalijibu, lakini jambo zito zaidi umeliweka mwishoni, kwenye yale uliyosema umesahau. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ile ile niliyosoma barua yako, nikakuomba asubuhi yake umpeleke akapimwe damu. Narudia hapa sababu zake, kwani najua nyumba nyingi za mji huu zina mgonjwa wa lithiamu anayetibiwa presha mahali pengine na mgongo kwa kemisti, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayejua mwenzake ameandika nini.

Mtu wa lithiamu kutetemeka vidole kidogo ni kawaida, na wengi huishi nalo miaka bila madhara. Kutetemeka kulikozidi ndani ya wiki chache, mkono mzima mpaka kikombe hakitulii, ni jambo jingine. Hapo daktari lazima aulize kama dawa imejaa mwilini kupita kiasi. Ukiona pamoja na hilo anaharisha au kutapika, anapepesuka akitembea, ulimi umekuwa mzito, anasinzia mchana au anachanganyikiwa maneno, usimpe dozi ya usiku huo na usingoje asubuhi. Ni kasualti moja kwa moja, na pakiti za dawa zake zote mkononi, ile ya Brufen ikiwemo.

Nieleze kidogo dawa yenyewe inavyokwenda mwilini, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Lithiamu hutoka karibu yote kwa njia ya figo, na figo huishughulikia kama inavyoishughulikia sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Mwili ukikaukiwa maji au ukipungukiwa chumvi, figo hujitahidi kurudisha chumvi ndani isipotee, na lithiamu hurudi pamoja nayo. Kiwango kinapanda ilhali mgonjwa hajaongeza hata nusu kidonge. Na nafasi ya kupanda ni ndogo mno. Wagonjwa wengi tunawaweka kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita ya damu, wengine hadi 1.0. Kuanzia 1.5 tunaanza kuona dalili za sumu, na ikipita 2.0 maisha yako hatarini. Wapo pia wanaodhurika kabla ya kufika huko, hasa wenye umri mkubwa au figo zilizochoka. Mumeo alikuwa 0.9 miezi minane iliyopita, kabla ya enalaprili, kabla ya kuambiwa apunguze chumvi.

Habari ya chumvi ina historia ambayo kila anayetoa dawa za presha angepaswa kuijua. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alichapisha habari za wagonjwa kumi waliokuwa wamepandwa na wazimu wakatulizwa kwa lithiamu, na hapo ndipo dawa hii ilipoingia katika tiba ya kisasa ya maradhi ya akili. Mwaka huo huo, Marekani, chumvi ya lithiamu ilikuwa ikiuzwa badala ya chumvi ya kawaida kwa watu wa moyo na presha waliokatazwa chumvi. Walikuwa wakiinyunyiza kwenye chakula, hakuna aliyewapima damu. Wengi walipata sumu, wengine wakafa, na bidhaa ikaondolewa madukani. Ushauri wa kupunguza chumvi ni mzuri kwa mtu wa presha. Kwa mtu wa presha anayemeza lithiamu ni ushauri wa kutolewa taratibu, damu ikipimwa kabla na baada.

Sasa enalaprili. Kundi hili la dawa hubadilisha namna figo inavyochuja, na lithiamu hubaki mwilini. Kule Ontario, Kanada, watafiti walifuatilia rekodi za wazee 10,615 waliokuwa wakitumia lithiamu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wazee 413 kati yao walilazwa hospitali kwa sumu ya lithiamu angalau mara moja. Ndani ya mwezi mmoja wa kuanzishiwa dawa ya kundi la enalaprili, hatari ya kulazwa iliongezeka zaidi ya mara saba. Kwa dawa kali za kukojosha kama furosemaidi, iliongezeka zaidi ya mara tano. Hao walikuwa na miaka 66 na kuendelea, na mumeo ana 52, kwa hiyo sisemi hatari yake ni hiyo hiyo. Lakini tazama wakati: mwezi wa kwanza. Mumeo yuko wiki ya tatu.

Brufen nayo, na diklofenaki, na dawa nyingi za maumivu za jamii hiyo, huzuia figo kutoa lithiamu. Maumivu ya mgongo atumie parasetamoli, na akienda kwa kemisti aseme wazi, "Mimi niko kwenye lithiamu." Kuhusu presha, zipo dawa kama amlodipini ambazo hazileti tatizo hili, na daktari anaweza kumbadilishia. Asiache enalaprili mwenyewe wala asijibadilishie. Presha isiyotibiwa ni hatari, na kuiacha dawa ghafla kutasogeza kiwango cha lithiamu upande mwingine bila mtu kujua.

Na asiache lithiamu kwa hofu ya haya niliyoandika. Hilo naliogopa kuliko yote. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Andrea Cipriani walikusanya majaribio 48 yenye washiriki 6,674, wakaona waliokuwa kwenye lithiamu walijiua mara chache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Majaribio ya BALANCE ya mwaka 2010, yenye wagonjwa 330, yaliona lithiamu inazuia maradhi kurudi kuliko valproeti, dawa nyingine ya baipola, ikitumika peke yake. Miaka sita bila kulazwa haikuja kwa bahati. Lithiamu ikikatwa kwa siku moja, maradhi huweza kurudi kwa kishindo ndani ya wiki chache. Kupunguza kukihitajika, hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi, daktari akiwa anaangalia. Kama akipatwa na dalili za sumu, hilo ni jambo la dharura na daktari ndiye atakayesema dozi irudi lini.

Tuje kwa utafiti wa Pakistan, maana ndugu yake hakusema uongo. Upo, ulifanyika Peshawar na kuchapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 62 wa baipola waliokuwa wakitumia lithiamu walipimwa damu mara tatu: wiki moja kabla ya Ramadhani, katikati ya mwezi, na wiki moja baada yake. Wastani wa kiwango haukubadilika kwa namna ya kutia wasiwasi, na hali zao za akili hazikuharibika. Zilionekana hata kuwa nafuu kidogo. Ni utafiti wa heshima na umetusaidia sana, kwa sababu kabla yake wengi wetu tulikuwa tukikataza tu.

Ila soma namba zake. Wastani wao ulikuwa kama 0.45 kabla ya mwezi, 0.51 katikati na 0.44 baadaye. Walianza wakiwa chini, wana nafasi kubwa ya kupanda kabla ya kufika penye hatari. Mumeo anaanzia 0.9, kama bado iko hapo. Tena wastani wa watu 62 hauelezi yaliyompata mmoja mmoja. Na kila mmoja wao alikuwa akipimwa. Mtu aliyekaa miezi minane bila kipimo, aliyeongezewa dawa ya presha na anayemeza Brufen, hayumo ndani ya utafiti ule, hata kama anafunga mwezi ule ule na kumeza kidonge kile kile.

Upo na utafiti mwingine ambao ujumbe wa Malindi haukuutaja. Kule Casablanca, Moroko, wagonjwa 20 waliokuwa wametulia kwenye lithiamu walifuatiliwa katika Ramadhani moja, na taarifa ikachapishwa mwaka 2000. Asilimia 45 walirudiwa na maradhi ndani ya mwezi, wengi wao katika wiki ya pili, na wengi kwa upande wa kupanda, yaani kuchangamka kupita kiasi. Wengi pia walilalamika kiu, kinywa kukauka na kutetemeka. Kikundi kilikuwa kidogo, na mtu asijenge sheria juu ya watu ishirini. Lakini walipotazama damu, kurudi kwa maradhi hakukuhusiana na kiwango cha lithiamu. Watafiti walielekeza jicho kwenye mpangilio wa siku kuvurugika: saa za kulala, za kula, za kuwa na watu.

Hapo ndipo ninapoona hatari ambayo Mombasa hatuizungumzi vya kutosha. Usingizi ukipungua, mtu wa baipola huweza kupanda hata kama damu yake ni nzuri kabisa. Na usiku wa Ramadhani hapa kwetu unajulikana. Futari, tarawehe, kisha baraza, kahawa chungu na kachri, vijana hawalali, wazee nao wanakaa kwa mazungumzo mpaka daku, na saa kumi na mbili asubuhi tuktuk iko barabarani. Siku tatu za namna hiyo zinatosha kumwasha mtu. Nyinyi mnaoishi naye mtaona kabla yake: maneno yanaongezeka, analala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka akisema hajachoka, anatoa fedha ovyo, ana mipango mikubwa saa tisa za usiku, anakuwa mkali akiulizwa. Watu wa msikitini huenda wakasema amezidi kuwa mchaji. Wewe unamjua, umeshamwona hivyo kabla. Siku unapoyaona mawili kati ya hayo, piga simu kliniki, usisubiri iwe Idi.

Kahawa pia ina lake. Huisaidia figo kutoa lithiamu. Katika utafiti mdogo wa mwaka 1995 wa watu 11 waliozoea kahawa kisha wakaiacha, kiwango cha lithiamu kilipanda kwa asilimia 24 hivi. Kwa hiyo anayekunywa vikombe sita kila siku asiikate ghafla mwezi ukiandama, wala asihamishie vyote sita usiku ikamnyima usingizi. Apunguze pole pole, Shaabani yote.

Kwa mumeo, basi, ushauri wangu ni kwamba asianze kufunga mwezi huu. Damu ipimwe sasa, dawa ya presha ipangwe upya, kisha ipimwe tena baada ya kama wiki moja ya dozi isiyobadilika, maana lithiamu huchukua siku tano hadi saba kutulia. Mpaka vipimo viwili viwe vimekaa vizuri na mkono umetulia, sina msingi wa kumwambia yuko salama, na Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari na Machi, kaskazi imeshika, joto la mchana hupita nyuzi 30 na ndani ya tuktuk ni zaidi. Mtu anayetoka jasho namna hiyo tangu asubuhi bila kunywa chochote hadi magharibi, kwa kiwango tusichokijua, siwezi kumruhusu.

Kwenye kipimo chenyewe kuna mambo mawili yanayoharibika mara kwa mara. La kwanza ni saa. Damu ichukuliwe zikiwa zimepita saa kumi na mbili kamili tangu dozi. Akimeza saa tatu usiku, atolewe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi, kwa wale walio nayo, ingoje mpaka damu itoke. Ikichukuliwa mapema mno, namba itaonekana kubwa. Ikichelewa, itaonekana ndogo na mtu ataongezewa dawa asiyoihitaji. Wengi hufika maabara saa moja asubuhi ili wawahi foleni, na karatasi haisemi walimeza saa ngapi. Mwambie mtaalamu wa maabara aandike saa zote mbili. La pili ni kichupa. Vichupa vingi vya kifuniko cha kijani vina dawa ya kuzuia damu isigande iliyotengenezwa kwa lithiamu yenyewe. Damu ikiingia humo, mashine itasoma lithiamu ya kichupa pamoja na ya mgonjwa, na mtu mzima wa afya ataonekana amejaa sumu. Uliza kwa upole, "Hiki hakina lithiamu?" Anayejua kazi yake hatachukia. Pamoja na lithiamu wapime kreatinini kuangalia figo, chumvi za damu, na tezi ya shingo, kwa kuwa dawa hii huigusa pia. Na uliza mapema majibu yatatoka baada ya siku ngapi. Kipimo ambacho majibu yake yanarudi mwezi ukiwa umekwisha hakikusaidii.

Baada ya hapo apate kliniki moja inayomshika, iwe Port Reitz, Coast General au kwingine, na faili moja lenye dawa zake zote, ya presha ikiwemo. Uingereza, mwaka 2009, wakala wa usalama wa wagonjwa ulitoa tahadhari kwa hospitali zote juu ya lithiamu, na wagonjwa wakaanza kupewa kijitabu cha kuandikiwa kila kipimo na kadi ya kubeba mfukoni. Hapa usisubiri kupewa. Daftari la shule la kurasa thelathini na mbili linatosha: tarehe, saa ya dozi, saa ya damu, namba, dawa mpya. Anayekwenda naye kliniki alibebe.

Kwa wasomaji wengine walio na mgonjwa mwenye kiwango kizuri, figo nzima, hana dawa za presha za kundi hilo, na daktari wake ameridhia: dozi moja ya usiku, baada ya tarawehe, saa ile ile kila siku. Anywe maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku, asiyagugumie yote kwa mkupuo. Chumvi ibaki ile aliyoizoea. Daku asiikose. Arudi kulala mapema, na kama tarawehe ya msikitini inamchelewesha, aswali nyumbani. Damu ipimwe kabla ya mwezi, katikati, na wiki moja baada ya Idi, kama walivyofanya Peshawar. Kutolewa damu kwa kipimo, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu Pwani tunayafuata, hakubatilishi saumu. Akitapika, akiharisha au akipata homa, afungue, asimeze dozi, aende hospitali.

Kuhusu haya ya kutofunga, mimi si shekhe, na mumeo amwendee imamu wake. Lakini aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara anazijua: mgonjwa atimize hesabu katika siku nyingine. Mashekhe niliozungumza nao juu ya wagonjwa wangu huniuliza daktari anasemaje, kisha hulijenga jibu lao juu ya hapo. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana fidia ya kulisha maskini. Anayeweza kufunga wakati mwingine atakadhi.

Na mumeo, kwa maoni yangu, huenda akawa huyo wa pili. Muulizeni daktari wenu habari ya Juni, Julai na Agosti. Kusi inavuma, jua limepoa, jasho ni kidogo. Hakuna tarawehe wala baraza za usiku kucha, kwa hiyo analala saa zake za kawaida na kuamka tu kwa daku. Damu ikiwa imetulia kwa miezi mitatu kwenye dawa mpya ya presha, aanze na siku moja kwa wiki, siku ambayo tuktuk imepumzika. Siku inayofuata mtazame mikono, kiu, mwendo na usingizi. Wiki ya tatu apimwe. Ikiwa sawa, aongeze iwe siku mbili, Jumatatu na Alhamisi. Kuanzia Shawwal mpaka Shaabani ana zaidi ya miezi kumi ya kutafuta siku thelathini, na hakuna siku anayolazimika kufunga akiwa hajisikii vizuri.